Kombi Haifuati Daraja: Someni Herufi Tatu Kabla ya Kugusa Selform

Dirisha la kubadili machaguo ya kidato cha tano kwenye selform, ile fomu ya machaguo iliyo mtandaoni, linakaribia, na malalamiko ya msimu uliopita bado yako kwenye faili langu hapa ofisi ya elimu, Tabora. Nimeyasoma upya yote. Ukiondoa machache ya majina yaliyokosewa, yanafanana kama maembe ya mti mmoja. Mtoto ana daraja la kwanza, kapangiwa kombi, yaani yale masomo matatu ya kidato cha tano na sita, ambayo hakuitaka, au kapelekwa chuo, na mzazi ameshajiridhisha kwamba kuna mtu ofisini aliyefuta jina lake akaweka la mtoto wa mkubwa.

Ndugu wazazi, ofisi ya elimu ya wilaya au ya mkoa haina kitufe cha kumpandisha mtoto wala cha kumshusha. Mitihani inasahihishwa na Baraza la Mitihani. Upangaji unafanywa na Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), kwa mfumo wa kompyuta unaoangalia ufaulu wa mtoto, alichochagua na nafasi zilizopo. Mimi nayaona majina siku ileile mnayoyaona nyinyi, mara nyingine baada yenu kwa sababu bando la ofisi nalo huisha.

Shida kubwa ninayoiona kwenye faili lile iko kwenye usomaji wa matokeo. Mzazi anasoma daraja. Mfumo unasoma herufi za masomo matatu ya kombi. Hivyo ni vitu viwili, na vinaweza kabisa kupishana.

Nichukue binti wa Urambo na kijana wa Kaliua. Ni watu wa mfano, ila karatasi kama zao zinapita mezani kwangu kila mwaka. Binti amepata A ya Kiswahili. Uraia, Historia, Jiografia na Kiingereza amepata B. Biolojia C, Kemia D, Fizikia D, Hisabati F. Daraja linatokana na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, ambapo A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Jumlisheni: moja ya Kiswahili, nane za zile B nne, tatu za Biolojia, nne za Kemia. Ni 16. Daraja la kwanza linaishia pointi 17, kwa hiyo binti yumo, na kwao mbuzi ameshachinjwa.

Kijana ana B ya Fizikia na B ya Kemia. Hisabati C, Biolojia C, Jiografia C, Kiswahili C. Kiingereza, Uraia na Historia D. Masomo yake saba bora yanatoa pointi 20, daraja la pili, maana la pili linaanzia 18 hadi 21. Baba yake hajamsemesha tangu matokeo yatoke.

Sasa fungua selform zao. Binti ameweka PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) chaguo la kwanza, PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) la pili na PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati) la tatu, kwa kuwa nyumbani walishamwita daktari tangu darasa la tano. Kijana ameweka PCM. Kwenye PCB binti ana D, D na C, yaani pointi 11, na krediti moja tu. Krediti ni A, B au C. D ni kufaulu lakini si krediti, na hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Kijana kwenye PCM ana B, B na C, pointi 7, krediti tatu kamili. Yule wa daraja la pili anaingia PCM akitembea. Huyu wa daraja la kwanza, mfumo hauna pa kumweka kwa machaguo yake mwenyewe, ilhali kwenye HGK (Historia, Jiografia, Kiswahili) angekuwa na pointi 5 na shule zingemgombania. Hakuichagua. Haikuwepo hata kwenye chaguo la tano.

Mama yake akija ofisini ataniambia mtoto ameonewa. Nami nitamwonesha hesabu hii kwa kalamu, kama ninavyofanya kila mwaka, na ataondoka akiwa bado haniamini.

Kuna jambo jingine ambalo karatasi ya matokeo haiwezi kukuambia. Kwa kidato cha nne, C inaanzia alama 45 mpaka 64. Ni herufi moja yenye upana wa alama ishirini. Mwenye 46 ya Hisabati na mwenye 63 wanaonekana sawa kabisa kwenye tovuti ya Baraza, kwa kuwa kinachotangazwa ni herufi. Kidato cha tano hawatakuwa sawa hata wiki mbili. Anayejua tofauti hiyo ni mwalimu wa somo aliyemsahihishia majaribio na mtihani wa moko. Mfuateni. Ukimuuliza mwalimu, "Hii C ya mwanangu ni ya aina gani?" atakujibu kwa dakika moja, na hatakudai kitu. Nashangaa kwamba mzazi anaweza kutoka Sikonge kwa basi kuja kuniuliza mimi, ambaye sijawahi kumwona mtoto, akampita mwalimu aliyekaa naye miaka minne.

Na wale wanaoikimbia Hisabati kwa kuchagua PCB, CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) au HGE (Historia, Jiografia, Uchumi), wajue kwamba huko kuna BAM, somo la hisabati ya msingi, inawasubiri. Sitalirefusha hilo.

Nirudi kwenye haya mapya. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza kuongeza tahasusi, ndizo hizo kombi, za kidato cha tano kutoka 16 hadi 65. Zimepangwa kwa makundi: sayansi, sayansi ya jamii, lugha, biashara, michezo, sanaa na elimu ya dini. Ni jambo jema, nami nililisubiri kwa muda mrefu. Lakini tangu siku hiyo nimesikia watu wakisema kombi 65 maana yake kila mtoto atapata anachotaka. Si kila shule ina kila tahasusi. Tahasusi ikiwa ngeni, shule zinazoifundisha ni chache, na zikiwa chache kuna uwezekano mkubwa wa mtoto kupangwa mbali na nyumbani. Mtoto wa Igunga akichagua kombi yenye lugha ambayo hakuna shule ya jirani inayoifundisha, asishangae kuona jina la mkoa ambao hajawahi kuufika. Kabla ya kuweka chaguo, angalieni kwenye mfumo kombi hiyo inatolewa shule zipi. Orodha iko pale pale. Haihitaji kunipigia simu.

Wapo pia wanaochanganya nyakati. Kaka wa mtoto aliyefanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2014 ana cheti kisicho na daraja, kwa sababu mwaka ule ulitumika mfumo wa GPA (wastani wa pointi) wenye Distinction, Merit, Credit na Pass. Mfumo huo uliondolewa, na matokeo ya mtihani wa 2015 yakarudi kwenye madaraja tuliyoyazoea. Kwa hiyo kaka akikaa sebuleni kumshauri mdogo wake kwamba "Credit" inatosha kwenda kidato cha tano, anazungumzia neno la cheti chake, wakati sisi tunazungumzia herufi ya somo moja moja. Nimewahi kushuhudia familia nzima ikigombana mbele ya meza yangu kwa neno hilo moja, kila mmoja akiwa sahihi kwa mwaka wake.

Kuhusu shule yenyewe. Hapa Tabora kuna mzazi ambaye hataki kusikia jina lingine zaidi ya Tabora Boys kwa kijana au Tabora Girls kwa binti. Namwelewa. Nyerere aliingia Tabora Boys mwaka 1937, na mji huu haujaacha kulisema hilo. Lakini hizo ni shule za vipaji maalumu, zinapokea watoto wa nchi nzima, na kuzaliwa Cheyo au Ng'ambo hakukupi hata nusu pointi. Wengine wananiomba orodha ya shule kumi bora. Haipo. Tangu Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, Baraza liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora. Zile orodha zinazozunguka WhatsApp kila Julai, zenye rangi nyekundu na nyota, zimetengenezwa na watu wenye shule za kuuza.

Fanyeni hivi. Fungueni matokeo ya kidato cha sita ya shule mnayoifikiria, mtafute wanafunzi wa kombi ile mnayoitaka, msome herufi za masomo matatu tu. Shule inaweza kuwa na sifa nchi nzima kwa masomo ya sanaa na bado Fizikia yake ikawa na S, herufi iliyo juu kidogo tu ya F, na F zenyewe zimejipanga. Hesabu ya kidato cha sita ina vipimo vyake, msiisome kwa macho ya kidato cha nne: A inaanzia 80, na C inaanzia 60.

Sasa utaratibu, na hapa naomba utulivu kwa sababu ndipo tunapopoteza watoto.

Mabadiliko ya machaguo anayafanya mhitimu mwenyewe, kwa namba yake ya mtihani na neno la siri analolijua yeye. Msimu uliopita niliingia steshenari moja karibu na stendi kutoa nakala. Kijana wa pale alikuwa na daftari la mistari, na ndani yake namba za mtihani za watoto zaidi ya thelathini, zote zimeandikiwa neno la siri lilelile: jina la duka na mwaka. Watoto wamelipa, wameondoka. Nilimuuliza mmoja aliyekuwa akisubiri amechagua nini. Akasema, "Bro ataniwekea zile zinazoingia." Yule bro alikuwa anawawekea wote HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza), maana ndiyo aliyosoma yeye.

Kutumia kompyuta ya steshenari si kosa. Kukabidhi neno la siri ni kumpa mtu mwingine miaka miwili ya maisha ya mtoto. Mtoto akae kwenye kiti, aandike mwenyewe, ahakiki mpangilio wa machaguo, atoe nakala, na kabla ya kuondoka afunge akaunti yake. Akilisahau neno la siri, msaada upo kwenye mfumo wenyewe. Dirisha likifungwa, limefungwa. Msiniletee barua ya mtendaji wa kijiji. Mfumo hausomi barua.

Anayetaka uhamisho baada ya kupangwa, kwanza mtoto aripoti shuleni alikopangiwa. Narudia, aripoti. Fomu ya kujiunga ina tarehe ya mwisho, na anayekaa nyumbani akisubiri "mambo yawekwe sawa" hupoteza nafasi, kisha anapewa mwingine. Maombi ya uhamisho yanaanzia kwa mkuu wa shule aliyempokea, na shule anayoitaka lazima iwe na kombi ile na nafasi. Ada ya kidato cha tano na sita kwa shule za serikali ilishaondolewa tangu mwaka wa bajeti 2022/23, kwa hiyo kisingizio cha ada sikipokei, ingawa najua godoro, nauli na sare havijaondolewa, na najua pesa ya tumbaku haiji kwa ratiba ya TAMISEMI. Mwenye hali hiyo aongee na mkuu wa shule mapema, kabla ya tarehe ile.

Anayechukua fedha kwa ahadi ya kumpatia mtoto nafasi anatenda kosa, na anayetoa fedha hiyo naye anatenda kosa. Sheria ya rushwa haimbagui mtoaji. Kughushi cheti au karatasi ya matokeo ni jinai, na wanaofanya hivyo wanagundulika siku ya kwanza ya usajili kwa kuwa shule inalinganisha na kumbukumbu za Baraza. Na kwa wale wanaoona binti aliyepangwa kidato cha tano amekua na mahari imeshatajwa: kuoa mwanafunzi wa sekondari kunaweza kumpeleka mtu jela miaka 30, na anayesaidia kumwozesha naye anatenda kosa. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yako wazi, na hayana kipengele cha "wazee walishakubaliana".

Nimesema kwamba wengine wanalalamika kwa kupelekwa chuo. Hili linanikera zaidi ya mengine. Mtu anatamka "chuo" kama anatamka msiba. Mji huu una chuo cha nyuki, una chuo cha ardhi, una chuo cha reli, una chuo cha uhazili ambacho makatibu muhtasi wa nusu ya ofisi za nchi hii wamepitia. Mwenye D nne zisizo za masomo ya dini anaweza kuanza cheti katika fani nyingi na kupanda hadi diploma na juu yake. Mtoto wa Uyui aliyekulia katikati ya mizinga ya asali, mwenye C za Biolojia na Jiografia na Hisabati inayomtesa, sioni kwa nini alazimishwe kombi aje atoke na daraja la nne miaka miwili baadaye. Nafasi za vyuo zimo kwenye selform hiyohiyo. Wengi hawafiki ukurasa huo.

Ofisi zetu ziko wazi kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Anayekuja kwa ushauri aje na nakala ya matokeo, namba ya mtihani, nakala ya machaguo ya sasa na maoni ya mwalimu wa somo kama anayo. Na aje na mtoto. Juzi baba mmoja amekaa nami karibu saa nzima tukipanga machaguo ya binti yake, tumeyaandika vizuri kwenye karatasi kutoka la kwanza hadi la tano. Alipokuwa anaaga nikamuuliza kama anajua binti mwenyewe anapenda somo gani. Akasimama mlangoni, akatoa simu, akaanza kutafuta namba yake.