Mkokoteni hausimami kwa sababu nguvu imeisha

Nafundisha tuisheni ya fizikia hapa Moshi, na kila mwaka naanza na swali lilelile. Kijana anasukuma mkokoteni wa ndizi kutoka soko la Mbuyuni. Anauachia, unakwenda hatua mbili tatu, unasimama. Kwa nini? Darasa zima hujibu: nguvu imeisha.

Siwalaumu. Kiswahili chetu cha kila siku kimelibebesha neno "nguvu" mizigo mingi: nguvu ya injini, nguvu ya dawa, nguvu anazopata mtu akishakula kiburu. Basi mwanafunzi huiona kama maji yaliyomiminwa ndani ya mkokoteni, yanayovuja njiani. Lakini kani, jina la kifizikia la nguvu ya kusukuma au kuvuta, haihifadhiwi ndani ya kitu. Kani ni kusukumwa au kuvutwa na kitu kingine, na mkono ukishaachia, kani ya mkono imekoma papo hapo. Zile hatua mbili tatu hazina msukumaji. La kuuliza si nini kinauendesha mkokoteni, ni nini kinausimamisha. Jibu ni msuguano, kwenye ekseli na pale tairi linapokanyaga barabara. Kwenye njia tambarare isiyo na msuguano wala upepo, usingesimama. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya Newton, aliyoichapisha mwaka 1687, na wanafunzi wangu wengi wameikariri kwa Kiingereza neno kwa neno bila kuiamini.

Kuna kosa dogo linalofuatana na hilo. Msuguano ukiwa nyutoni 100 (nyutoni ni kipimo cha kani), wanadai kijana lazima asukume kwa zaidi ya 100 ndipo mkokoteni uendelee kutembea. Ili uongeze kasi, ndiyo. Ukishashika mwendo, 100 kwa 100 zinatosha: utakwenda kwa kasi ileile, bila kuongeza wala kupunguza.

Dereva wa Hiace akifunga breki ghafla pale Boma Ng'ombe, abiria hulalamika kwamba wamerushwa mbele. Hakuna aliyewarusha. Gari limepunguza kasi, wao wameendelea na kasi waliyokuwa nayo, hadi mkanda uwazuie. Au mgongo wa kiti cha mbele, maana mikanda kwenye Hiace zetu mnaijua wenyewe.

Kwamba kizito huanguka haraka kuliko chepesi, sitalipigia kelele. Dondosha parachichi na jiwe zito mara tano yake kutoka dirisha la ghorofani, hakikisha hapapiti mtu, kisha sikiliza kishindo: vinafika karibu pamoja. Jani huchelewa kwa sababu ya hewa. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya juu ya Mwezi, ambako hewa hakuna, vikatua kwa pamoja.

Inayotutoa jasho ni kanuni ya tatu: kitu kikisukuma kingine, nacho husukumwa kwa kani iliyo sawa kuelekea kinyume, ndiyo inayoitwa mjibizo. Neno "mjibizo" linapotosha, kana kwamba kani moja hutangulia na nyingine huijibu baadaye. Zote mbili huzaliwa na kufa pamoja. Ndipo linapokuja swali ninalolipenda kuliko yote: kama punda anauvuta mkokoteni, na mkokoteni unamvuta punda kwa kani ileile kinyumenyume, si zinafutana? Mbona wanatembea?

Hazifutani kwa sababu hazikai kwenye kitu kimoja. Moja iko kwenye mkokoteni, nyingine iko kwenye punda. Ukitaka kujua mkokoteni utafanya nini, hesabu kani zilizo juu ya mkokoteni tu: mvuto wa punda, toa msuguano. Ya punda muachie punda.

Lori la tani 10 likigongana na bajaji ya kilo 500, kila kimoja kinampiga mwenzake kwa kani iliyo sawa. Hapa darasa huguna. Kani ni sawa, lakini tungamo la lori, yaani kiasi cha maada iliyomo, ni mara 20, kwa hiyo bajaji hubadilishiwa mwendo kwa mchapuko (kiwango cha kubadilika kwa kasi) mara 20 ya ule wa lori. Ndiyo maana dereva wa lori anashuka akijipangusa vumbi.

Na punda anasonga mbele kwa kani ya nani? Ya ardhi. Kwato zinaisukuma ardhi nyuma, ardhi inamsukuma yeye mbele. Mwaka jana mwanafunzi mmoja alikataa kabisa kwamba ardhi inaweza kumsukuma mtu. Ilikuwa masika, nikamwambia achungulie dirishani. Njia ilikuwa tope tupu, na msukuma mkokoteni alikuwa ameinama hadi karibu kulala, miguu ikiteleza chini yake bila mkokoteni kusogea hata kidogo. Misuli yote aliyokuwa nayo jana, leo anayo. Kisha tukamwona anavua ndala, anazichomeka kwenye shehena ya ndizi, na kukita vidole vya miguu kwenye tope.