Wimbo Unapokuliza Bila Kutarajia

Mtu amepanda daladala pale Sabasaba, hana neno na yeyote, mawazo yote yako kwenye bei ya unga. Dereva anafungua redio, kwaya ya zamani inaanza, na kabla ubeti wa kwanza haujaisha koo limembana na machozi yanamlengalenga. Anageukia dirishani kwa aibu. Wengi wanaotufikia hapa Mirembe, hospitali ya afya ya akili Dodoma, kuomba ushauri husimulia mambo ya namna hii wakiwa wamejiandaa kuambiwa wana ugonjwa. Si ugonjwa.

Sauti ikishaingia sikioni haiishii kwenye sehemu ya ubongo inayotambua sauti tu. Inaziamsha pia amigdala, inayoshughulika na hisia, na hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu. Nyimbo tulizozisikia tangu utotoni hadi ujana hushika kuliko nyingine, na zikirudi hurudi na watu wake: bibi, mchumba wa kwanza, siku ya mazishi. Hata mzee mwenye Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, anayesahau majina ya wanawe, mara nyingi bado anaweza kuimba wimbo wa ujana wake neno kwa neno. Wenye mzee wa hivyo nyumbani, mwimbieni.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walichapisha vipimo vya ubongo vya watu waliokuwa wakisikiliza muziki unaowasisimua hadi malaika kusimama. Dopamini, kemikali inayohusika na raha, ilimwagika kabla ya kilele cha wimbo, msikilizaji akiwa bado anakisubiri, kisha ikamwagika tena kwenye kilele chenyewe, katika sehemu nyingine ya ubongo. Aliyewahi kukaa karibu na muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo, anajua kusubiri huko. Akina mama wamebana ngoma katikati ya mapaja, mmoja anaanzisha, wengine wanapokea kwa sauti zinazopishana, na kiitikio kikikaribia hata mgeni aliyekaa pembeni anajikuta mabega yanacheza. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, alipiga ilimba, ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole, yenye ule mvumo unaotokana na utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu lake, hadi Ulaya na Japani, mbele ya watu wasiojua hata neno moja la Kigogo.

Maneno nayo yana njia yake. Angalia msibani wasifu wa marehemu unaposomwa. Mwaka wa kuzaliwa, shule, kazi, watoto aliowaacha; watu wametulia. Msomaji akifika kwenye jina la utani ambalo wajukuu walimwita, au akitaja tu kwamba kila alfajiri alikwenda kukagua mizabibu yake, hapo ndipo kilio kinapopasuka. Lugha ya nyumbani inazidisha. Utafiti wa mwaka 2003 uliwapima Waturuki wanaojua Kiingereza kwa kuangalia jinsi ngozi inavyoitikia hisia: makaripio ya utotoni yaliwagusa zaidi yaliposemwa kwa Kituruki. Kwa hiyo mtumishi wa pale Mtumba, kwenye mji wa serikali, anayeshinda na Kiswahili cha ofisini asishangae akitokwa machozi mama yake anapompa pole kwa Kigogo kwenye simu.

Tunawaomba sana ndugu na marafiki: msimwambie mwanamume "acha kulia kama mtoto." Kaa naye, yatapita. Ila yupo ambaye wimbo unamrudishia hofu, kwa sababu ulikuwa ukipigwa siku ya ajali au ya kushambuliwa. Huyo mzimie redio, mwite kwa jina lake, mwambie taratibu mahali alipo na kwamba yuko salama.

Machozi yakija karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hata pasipo wimbo, na mtu halali, hali, wala hafurahii alichokipenda, aende kituo cha afya kilicho karibu. Wahudumu wanaweza kumpa rufaa kuja Mirembe. Akisema hataki kuishi, aletwe siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake hata njiani.