Oda ya kiwandani ni ipi, na gari lililo njiani ni lipi

Siku hizi karibu kila aliyesubiri gari jipya wiki kadhaa husema ameliagiza kiwandani. Wauzaji nao hulitumia neno hilo bila kusita, maana mteja hufurahi kuamini kwamba gari limeundwa kwa ajili yake. Mara nyingi sivyo ilivyokuwa, na kwa kuwa jambo hili linagusa bei na mkataba, tuliweke sawa.

Oda ya kiwandani ni pale mnunuzi anapochagua injini, rangi, viti na vifaa vya ziada, wakala (muuzaji aliyeidhinishwa na mtengenezaji) akaingiza chaguo hilo katika mfumo wa mtengenezaji kwa niaba ya mnunuzi huyo, ndipo gari likaundwa. Gari la yadini ni lile ambalo wakala aliliagiza mwenyewe kwa kukisia watu watapenda nini, likafika, likakaa kungoja mtu. Ni kama nguo ya kushonesha na nguo ya kununua ikiwa tayari. Hapo hakuna anayebisha.

Vurugu iko katikati, kwenye gari lililo njiani. Mtengenezaji hugawa magari kwa mawakala wake kwa mgao, na mara nyingi aliyeuza zaidi hupata zaidi. Wakala hujaza nafasi zake za mgao kabla ya wakati, akiamua mwenyewe hili liwe jeupe, lile liwe na paa la kioo. Mteja anapofika, yadi ikiwa tupu, anaambiwa: lipo moja linakuja, la kijivu, viti vya ngozi, tukuwekee? Anatoa arubuni, anasubiri, kisha anatangaza kwamba ameagiza kiwandani. Gari hilo lilikwisha kuamuliwa kila kitu kabla hajaliona hata kwenye karatasi. Pengine siku anayotoa arubuni tayari liko melini. Uhaba wa chipu za kielektroniki za magari wa 2021 uliikuza sana desturi hii, kwani yadi nyingi zilibaki tupu na magari yakawa yanashikwa na wateja kabla hayajashushwa.

Kusubiri peke yake, basi, si kipimo. Kipimo ni nani aliamua gari liwe vipi, na kama aliamua kabla kiwanda hakijafunga ratiba ya uundaji. Nafasi ya mgao ambayo bado haijafungwa inaweza kubadilishwa ifuate matakwa ya mteja, na hiyo ni oda halali kabisa, hata kama wakala alikuwa amekwisha kuijaza kwa chaguo lake. Ratiba ikishafungwa, hakuna rangi wala rimu inayobadilika.

Wapo pia wanaodhani kuagiza kiwandani ni kumruka wakala. Hapana. Nchini Marekani, sheria za majimbo mengi humzuia mtengenezaji mwenye mawakala kumuuzia mteja moja kwa moja. Tesla, kampuni ya magari ya umeme, huuza magari yake yenyewe kwa kuwa haikuwahi kuwa na mawakala huko. Kwa wengine, oda hupita kwa wakala na huhitaji nafasi katika mgao wake. Ndiyo maana oda iliyowekwa kwa wakala mdogo wakati mwingine huchelewa kuliko ileile iliyowekwa kwa mkubwa.

Mfano ninaoupenda ni wa Chevrolet Camaro ZL1 ya 1969. Kampuni ilikuwa na njia ya oda maalumu, COPO, iliyotumika zaidi kwa magari ya makundi kama teksi na polisi. Fred Gibb, wakala wa mji mdogo wa La Harpe, Illinois, aliitumia kuagiza magari 50 yenye injini ya alumini ya inchi za ujazo 427. Yote yaliyoundwa mwaka huo yalikuwa 69 tu. Bei ilipotoka ilipita dola 7,000, na mengi aliyoyaagiza yakamshinda kuuza, ikabidi yasambazwe kwa mawakala wengine. Huwezi kupata oda ya kiwandani iliyo maalumu kuliko hiyo. Lakini aliyeingia yadini akalinunua mojawapo alinunua gari la yadini. Aliyeagiza ni Gibb.

Kuhusu pesa, wakala kwa kawaida hukopa kununua magari anayoyaweka yadini, na riba hukimbia kila siku yanapokaa. Gari lililokaa miezi ndilo lenye nafasi nzuri ya kupunguziwa. Oda halisi haimbebeshi riba ya kukaa, hivyo nayo ina nafasi yake ya mazungumzo, ila ya namna nyingine. Lililo njiani unalilipia bila kulichagua mwenyewe, na bado halijakaa yadini kiasi cha kupunguziwa bei. Uliza pia bei ni ya siku ya kuagiza au ya siku ya kukabidhiwa, kwa sababu watengenezaji hawafanani katika hili, na punguzo la kampuni mara nyingi hufuata siku ya kukabidhiwa. Na kulichukua gari kiwandani ni jambo jingine kabisa. Autostadt, kituo cha wageni cha Volkswagen kule Wolfsburg, Ujerumani, hukabidhi magari mlangoni pa kiwanda, lakini mahali pa kukabidhiwa hapasemi nani aliyeliagiza.

Ushahidi upo kwenye gari lenyewe. Marekani, tangu sheria ya 1958 inayohusishwa na Seneta Mike Monroney, gari jipya hubeba kibandiko cha dirishani chenye bei, vifaa, mahali lilipounganishwa na wakala aliyepelekewa. Ukikuta jina la wakala mwingine, ujue gari lilikuwa la mgao wake. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna mwezi na mwaka wa kuundwa. Lakini herufi ya kumi ya namba ya chesisi, kwa magari ya soko hilo, huonyesha mwaka wa modeli, ambao unaweza kutangulia kalenda, kwa hiyo isikupoteze.

Dalili ya mapema zaidi ni hii: oda halisi huanza na namba ya oda, na namba ya chesisi huja baadaye, gari linapokaribia kuundwa. Muuzaji akikupa namba ya chesisi siku ileile unayotia saini, mwambie kwa upole kwamba hilo ni gari lililo njiani, kisha mzungumze bei kwa msingi huo.