Nzi wa matufaha: dhana potofu kuhusu kuzaliwa kwa spishi mpya

Dhana: Bila mlima au bahari ya kuwatenga viumbe, spishi mpya haitokei.

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote, na hata wanabiolojia wengi wa karne ya 20 waliishikilia. Basi mtazame nzi wa Amerika Kaskazini aitwaye *Rhagoletis pomonella*. Asili yake ni kutaga kwenye hothoni, mti wa porini wenye miiba na matunda madogo mekundu. Matufaha yaliletwa na walowezi wa Kizungu katika karne ya 17. Katikati ya karne ya 19, wakulima wa bonde la mto Hudson, New York, wakaanza kukuta funza wa nzi huyu ndani ya matufaha yao. Miaka ya 1860 mtaalamu wa wadudu Benjamin Walsh alikwishasema kuwa huenda hapo spishi mpya inazaliwa.

Miti hiyo miwili huweza kuota jirani kabisa. Kinachowatenga nzi ni tunda lenyewe. Dume hutua juu ya tunda na kumngoja jike; hupandana papo hapo, kisha jike hutoboa ganda na kutaga. Kwa hiyo anayevutwa na harufu ya tufaha hukutana na mwenzake anayevutwa na harufu hiyohiyo. Halafu kuna suala la msimu, ambalo kwangu ndilo linalosisimua zaidi: matufaha huiva wiki 3 hadi 4 kabla ya hothoni, na nzi aliyekomaa huishi takriban mwezi mmoja tu. Anayechelewa kutoka ardhini, alikolala kama pupa (hatua ya kati ya funza na nzi kamili) majira yote ya baridi, huyakuta matufaha yamekwisha. Mwaka 1988, mwanabiolojia Jeffrey Feder na wenzake walionyesha kwamba makundi hayo mawili yanatofautiana kijenetiki.

Dhana: Nzi alijibadilisha ili aweze kula tufaha.

Hakuna nzi aliyejibadilisha. Tangu mwanzo walikuwepo wanaotoka ardhini mapema na wanaochelewa. Tufaha liliwapa nafasi wale wa mapema, wakazaana. Tena sehemu ya tofauti hizo za jeni ina asili yake Mexico, na ni kongwe kuliko matufaha ya Marekani.

Dhana: Basi tayari ni spishi mbili kamili.

Bado. Ni koo mbili za spishi moja, na inakadiriwa kuwa asilimia 4 hadi 6 huvuka kila kizazi na kuchanganya damu. Machotara waliozalishwa maabara huzaliwa wazima, ila wengi wao hawaitikii vizuri harufu ya tunda lolote kati ya hayo mawili.

Dhana: Mabadiliko haya yanamhusu nzi peke yake.

Nyigu *Diachasma alloeum* hutaga yai ndani ya funza wa nzi huyu, na mtoto wake humla funza huyo. Naye ameanza kugawanyika: wa matufaha kivyake, wa hothoni kivyake.