Hanang kwa siku moja: panga kwa saa, kilomita ziache

Karibu kila anayenipigia simu kuhusu Mlima Hanang, mkoani Manyara, huanza na kilomita. Ni ngapi kwenda, ni ngapi kurudi? Mtu aliyezoea mbio za barabarani za Jumapili akisikia jibu hucheka, akaona amekwisha kumaliza. Kilomita za mlima huu zinadanganya. Hanang una takriban mita 3,420, wa nne kwa urefu Tanzania baada ya Kilimanjaro, Meru na Loolmalasin, na mji wa Katesh ulio chini yake uko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Ina maana unapanda zaidi ya mita 1,600, halafu unazishuka zote siku hiyohiyo. Wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, kutoka getini mpaka kambi ya Horombo, hupewa siku mbili kwa mwinuko unaokaribiana na huo, na usingizi katikati.

Wapanda milima wana kanuni ya zamani, ya Mskoti mmoja aitwaye William Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano hivi za kutembea, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Ukiipeleka Hanang, mwinuko peke yake unakula karibu saa tatu kabla hujahesabu hatua hata moja ya kwenda mbele. Tena Naismith alikuwa akipigia hesabu milima ya kwao, ambako kilele kirefu kuliko vyote hakifiki hata mita 1,400. Hewa nyembamba haikuwa shida yake. Juu ya Hanang, kila pumzi inakupa kama theluthi mbili tu ya oksijeni unayovuta Dar es Salaam. Kwa kundi la kawaida la watu wa mjini, kwa njia ya Jorodom inayoanzia upande wa Katesh, mimi naweka saa sita mpaka saba za kupanda na saa nne mpaka tano za kushuka. Atakayekuambia atakufikisha na kukurudisha kwa saa saba, muulize amezoea kupanda na nani.

Sasa igeuze hesabu, uanzie mwisho. Miezi ya kiangazi jua la Katesh linazama kama saa kumi na mbili na nusu jioni, na huku kwetu karibu na ikweta giza halibembelezi: dakika ishirini baadaye unahitaji tochi. Ukitoa saa tano za kushuka na nusu saa ya akiba kwa goti la mtu mmoja litakalogoma (lipo kila kundi), unabaki na saa saba mchana. Hiyo ndiyo saa ya kugeuka, popote ulipo. Iwe kilele kimebaki hatua mia, iwe umeshaona kibao. Tukubaliane hivyo Ijumaa jioni, mkesha wa kupanda, tukiwa tumekaa, kwa sababu saa saba mchana kule juu hakuna mtu mwenye akili ya kujadili.

Ukitoa tena saa saba za kupanda, utaona kwamba kuanza saa kumi na mbili asubuhi, wakati mzuri wa chai, hakukuachii akiba hata ya dakika moja. Tunaanza saa kumi na moja alfajiri, au saa kumi kama kundi ni kubwa. Giza la mwanzo si hasara, maana sehemu hiyo ni ya mashamba na vichaka, na jua la Hanang likikukuta bado uko kwenye nyasi za chini litakunyonya maji yote uliyopanga kunywa juu.

Lakini sababu kubwa ya kuamka mapema ni mawingu. Mlima huu umesimama peke yake katikati ya tambarare. Jua likipanda, miteremko inapata joto, hewa inapaa ikiwa na unyevu wake, inapoa, na wingu linazaliwa palepale kwenye mabega ya mlima. Siku nyingi kuanzia saa tano au saa sita mchana kilele kinakuwa kimevaa kofia. Anayefika saa nane kwa jasho na machozi anapiga picha ya ukungu mweupe, kisha anaandika mtandaoni kwamba Hanang hauna mandhari.

Mandhari iko, na nyingi yake haiko kileleni. Hili ndilo ninalotaka mtu alielewe kabla hajatoa nauli. Baada ya saa kadhaa za kupanda wima unatokea kwenye mgongo wa mlima, mahali ambapo kila mgeni hudhani amefika. Hajafika. Kilele chenyewe kinaonekana mbele, baada ya vipandio na vishuko vya mawe kwenye mgongo mwembamba, na kukifikia ni zaidi ya saa nzima nyingine. Hapa ndipo watu hukata tamaa, wengine hukasirika kabisa. Mimi huwaambia wakae chini, wale chapati, wageuze shingo. Kusini unaiona Katesh na lami inayokwenda Singida, imenyooka mpaka inapotelea. Kaskazini ardhi inaanguka kwenye Bonde la Ufa, na chini kabisa kuna Ziwa Balangida, lenye magadi, ambalo wakati wa kiangazi hukauka sehemu kubwa na kubaki uwanda mweupe wa chumvi, na nyuma yake ukuta wa bonde unapanda kuelekea Mbulu. Magharibi ni mashamba mapana ya ngano upande wa Basotu. Kilele kinaongeza namba kwenye simulizi yako, lakini kwa macho kinaongeza kidogo. Kwa hiyo lengo langu la siku ni mgongoni saa nne na nusu asubuhi, anga ikiwa bado safi. Kilele ni nyongeza kama miguu na saa vinaruhusu.

Msimu nao una mtego. Watu huambiwa waje kiangazi, wakachagua Septemba au Oktoba, mwisho wa kiangazi. Njia ni kavu kweli, ila vumbi la tambarare na moshi wa nyasi zinazochomwa huweka utando angani, na Balangida inakuwa doa tu. Mimi napenda Juni na mwanzo wa Julai: mvua zimeosha hewa, udongo umeshika, na baridi ni ya kuvumilika ukijiandaa. Joto hupungua kama nyuzi sita kwa kila mita elfu, kwa hiyo kati ya Katesh na kileleni kuna tofauti ya nyuzi kumi kabla upepo haujaongeza yake.

Msimu wa mvua sipandi, na hapo sitanii. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliyolowa ilikatika na tope, mawe na magogo vikateremka mpaka Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Miamba na udongo wa volkano hii ni laini, unashika maji halafu unaachia. Utakutana na wenyeji waliopoteza ndugu siku ile, kwa hiyo tafadhali usiwaulize wakuoneshe "makovu" upate kupiga picha.

Mlima ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kibali na ada shughulikia Ijumaa mchana ofisi zikiwa wazi, na mwongozaji wa pale pale ni lazima umchukue. Njia za ng'ombe huko chini ziko nyingi, na gizani zote zinafanana na njia sahihi. Wabarabaig, wenyeji wa eneo hili, wanauheshimu mlima huu tangu enzi za mababu zao. Ukikutana na wazee njiani, salimia kwanza, kamera baadaye.

Maji: lita nne kwa kila mtu, zote kutoka chini. Juu hakuna chanzo cha kutegemea. Pakiti mbili za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini zina thamani kuliko vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye mbwembwe zote. Chakula ni viazi vya kuchemsha, ndizi, karanga, kitu ambacho mdomo utakikubali hata tumbo likiwa limegoma. Koti la kuzuia upepo, tochi ya kichwani yenye betri mpya, fimbo mbili. Kichwa kikianza kugonga na kichefuchefu kikafuata, dawa ni kushuka, na anashuka na mwenzake.

Kushuka ndiko kunakoumiza. Changarawe inateleza, mapaja yanatetemeka, vidole vinagonga mbele ya kiatu mpaka kucha zinageuka nyeusi. Kata kucha siku mbili kabla, kaza kamba za kiatu upya ukiwa kwenye mgongo wa mlima kabla ya kuanza kuteremka, na weka fimbo mbele ya mguu, si pembeni. Jumamosi hiyo usiendeshe gari kurudi Arusha wala Dodoma. Lala Katesh usiku wa pili. Na chakula cha jioni kiagize na ukilipie Ijumaa, umwambie mama wa jikoni mtarudi saa moja au saa mbili usiku, akuwekee supu.