Ukikamatwa Nairobi, Taja Kifungu cha 49, Si Sheria ya Marekani

Tangu video za watu wakikamatwa zianze kusambaa kwenye simu, maswali yanayofika kwenye meza yetu ya elimu ya sheria yamebadilika. Zamani mtu alikuja akiuliza, "Nina haki gani?" Siku hizi anakuja na jibu mkononi, na mara nyingi ni jibu la nchi nyingine. "Hawakunisomea haki zangu, kesi ifutwe." "Nataka kuhukumiwa na raia wenzangu kumi na wawili." "Nina haki ya kupiga simu moja." Wengi wanauliza kwa nia njema, na wengine wameumizwa kweli. Ndiyo maana inatuuma kuwaona wakipoteza haki waliyo nayo kwa kuidai isiyokuwa yao.

Majuzi kijana wa bodaboda kutoka Kayole alitufungulia bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na kurasa zaidi ya arobaini alizozichapisha saiba: hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1966, ile ya Miranda inayowataka polisi wamsomee mshukiwa haki zake kabla ya kumhoji, imepigiwa mistari kwa kalamu ya kijani. Alikuwa amelazwa seli hadi siku ya nne kabla ya kupelekwa kortini, kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu. Katika kurasa zote hizo hapakuwa na mstari hata mmoja wa Katiba ya Kenya. Tulimuuliza alikamatwa siku gani, saa ngapi. Hakuwa na uhakika. Nambari ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha kituo cha polisi? Hakuichukua.

Tumelieleza hili mara nyingi na tunaomba lishikwe. Hata huko Marekani, polisi wasipokusomea haki, kesi haifi kwa sababu hiyo. Kinachoweza kukataliwa ni maneno uliyoyasema bila kuonywa. Kwetu, Kifungu cha 50(4) cha Katiba kinamtaka hakimu au jaji aukatae ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki, iwapo kuupokea kutaharibu usawa wa kesi au utoaji haki. Jopo la raia wa kuhukumu halipo Kenya, kwa hiyo usilidai. Na simu moja ni mambo ya sinema. Kifungu cha 49 kinakuruhusu kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unahitajika, na hakikutaja idadi ya simu.

Kijana yule alikuwa ameacha nyumbani silaha kubwa kuliko ile aliyoibeba. Kifungu cha 49(2) kinasema mtu asizuiliwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Na Kifungu cha 49(1) kinataka mshukiwa afikishwe kortini mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 24 kuisha. Saa hizo zikiishia nje ya saa za korti, au siku ambayo korti haiketi, mwisho wake unakuwa mwisho wa siku ya korti inayofuata. Kwa hiyo aliyekamatwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni, saa zake zinaisha Jumamosi jioni, na polisi wana hadi mwisho wa Jumatatu, kama si sikukuu. Watu hukasirika tukisema hivyo, lakini ndivyo Katiba ilivyoandikwa. Katiba za Uganda na Afrika Kusini zinaruhusu saa 48. Uingereza huanza na saa 24, ila kwa makosa mazito korti inaweza kuongeza hadi 96. Katiba yetu ya zamani iliruhusu siku 14 kwa aliyeshukiwa kwa kosa la kunyongwa. Tulipotoka ni mbali.

Haki ikivunjwa, Kifungu cha 22 kinakuruhusu kwenda Mahakama Kuu, na hakuna ada ya kuanzisha kesi ya namna hiyo. Kanuni za mwaka 2013 zinataka petisheni, yaani ombi lako la maandishi kwa korti, itaje jina na anwani yako, mambo yaliyotokea, kifungu kilichovunjwa, madhara uliyopata, kesi nyingine iliyopo kuhusu jambo hilo, na unachoomba. Kisha uitie sahihi wewe au wakili wako. Barua ya kawaida inaweza kupokelewa. Hata ombi la mdomo linaweza kupokelewa, na korti italiandika. Petisheni hupelekwa kwenye masjala ya eneo ambako tendo lilifanyika. Nairobi, kitengo cha katiba na haki za binadamu kiko Milimani. Ukishaiwasilisha una siku 15 za kumkabidhi unayemlalamikia, na Mwanasheria Mkuu au chombo cha serikali kina siku 14 za kujibu. Hati ya kiapo, yaani maelezo yako ya maandishi uliyoyaapia, usiichukulie kama fomu ya kujaza tu: kusema uongo kortini chini ya kiapo kunaweza kukupeleka jela hadi miaka 7. Vilevile, kubishana na afisa kwa maneno ni tofauti na kumzuia kazi yake, kosa ambalo kifungo chake hufika miaka 5.

Je, hukumu za nje hazina kazi? Zinayo, na kubwa. Sheria yetu ya mahakama bado inaitambua sheria ya kawaida ya Uingereza (common law, ile inayotokana na hukumu za majaji) kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Mikataba ya kimataifa ambayo Kenya imeiridhia ni sehemu ya sheria yetu. Mwaka 2017, Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba jaji asilazimishwe kutoa hukumu ya kifo kwa kila mauaji, ilisoma pia hukumu za Uganda na India. Lakini hukumu ya nje hushawishi tu, haizifungi korti zetu. Mwaka 1973 majaji 7 kati ya 13 wa India waliamua kuwa Bunge haliwezi kubomoa msingi mkuu wa Katiba. Mei 2021 Mahakama Kuu yetu iliukubali msimamo huo katika kesi ya BBI, mpango wa kuibadilisha Katiba ulioitwa Building Bridges Initiative, na Mahakama ya Rufaa ikafuata Agosti. Machi 2022 Mahakama ya Juu ikaukataa: Katiba yetu ina utaratibu wake wa marekebisho. Anayeuleta leo Mahakama Kuu atazuiwa na Kifungu cha 163(7), kwa kuwa uamuzi wa Mahakama ya Juu unazifunga korti zote zilizo chini yake.

Haya ni maelezo ya jumla. Kesi yako ipeleke kwa wakili.

Kijana wa Kayole tulimwomba atoe simu aangalie meseji za M-Pesa. Ya mwisho kabla simu haijachukuliwa ilikuwa shilingi 150 za abiria, Jumanne saa nne na dakika hamsini na mbili asubuhi. Alifikishwa kortini Ijumaa. Akageuza ukurasa wa mwisho wa hukumu ile ya Marekani, akaandika nyuma yake kwa kalamu ya kijani: Jumanne, saa tano kasoro.