MP3 Yako Si Takatifu

Jumatatu asubuhi, chai ikiwa bado moto, mwalimu mmoja wa kwaya kutoka upande wa Ahero aliniwekea MP3 yake, kile kidude cha kusikilizia nyimbo, juu ya kaunta. Alitaka nimprintie ratiba ya tamasha, kurasa tatu tu. Nikamwambia asubiri kwanza niiskani. Akatabasamu kama mtu anayemvumilia mtoto. "Fundi, hii si flashi. Hii ni ya nyimbo. Tena nyimbo za Mungu. Haishiki virusi."

Sentensi hiyo, ukitoa Mungu, nimeisikia kutoka kwa wanafunzi, makarani, hata fundi mwenzangu mmoja ambaye sitamwaibisha hapa. Wiki iliyopita pekee niliisikia mara nne. Kwa hivyo nimeamua kuiandika, ili siku nyingine nimwoneshe mtu simu asome nami ninywe chai yangu.

Sikumjibu mwalimu. Nilichomeka MP3 kwenye laptopu yangu kuukuu ya Linux, mfumo usio Windows, ambao haujali alama ya kuficha faili za Windows, kwa hivyo huonesha kila kitu kikiwa uchi. Folda tano. Kando ya kila folda, faili ya .lnk, yaani shotikati (njia ya mkato), yenye jina lilelile. Na peke yake pale chini, faili ya .vbs, yaani programu ndogo ya Windows, yenye jina kama mtu aliyeangukia kibodi.

Sasa, chembe ya ukweli ipo katika aliyosema, na hiyo chembe ndiyo inayonitesa. Virusi vya Windows haviwezi kuamka ndani ya MP3. Humo hamna Windows, kuna programu ndogo tu ya kusoma nyimbo. MP3 haiugui. Lakini sisi watu wa ziwa ndio wa mwisho kuhitaji kufundishwa jambo hili: mbu hubeba malaria, lakini nani amewahi kumwona akitetemeka kwa homa? Kubeba na kuugua ni vitu viwili. Kompyuta ikishaiona MP3 yako kama diski, kwake ni flashi yenye spika ya masikioni, basi.

Na MP3 ni mbebaji mbaya kuliko flashi, kwa sababu ya kioo chake. Kioo kile huorodhesha nyimbo tu. Faili ya .vbs si wimbo, haioneshwi. Ya .lnk vilevile. Halafu MP3 nyingi nilizoshika hazijali alama ya kuficha, kwa hivyo folda ambazo Windows imeshindwa kukuonesha, zenyewe zinazifungua na kucheza kama kawaida. Mwenye mali anasikiliza kutoka Ahero hadi mjini, kila kitu kinaimba, anakuja kuniapia kwamba kifaa ni kizima. Mwenye flashi angalau anashtuka akiona shotikati. Mwenye MP3 ana ushahidi masikioni kwamba mimi ndiye mwongo.

Zamani mambo yalikuwa rahisi kwa hawa jamaa wanaotunga virusi. Faili ya autorun.inf, inayoiamuru kompyuta iwashe programu yenyewe, ilitosha: unachomeka, Windows XP inatii, kwisha. Conficker, virusi vilivyozuka mwaka wa 2008, vilitumia mlango huo. Windows 7 ilipokuja 2009 ikaacha kutii autorun ya vifaa vya USB, na Februari 2011 Microsoft ikasambaza marekebisho hayo kwa XP na Vista. Basi wakabadilisha mtego: folda yako halisi inafichwa, inawekwa shotikati yenye picha ya folda, nawe unaibofya kwa mkono wako. Inawasha ile .vbs, kisha inakufungulia folda yako halisi ili usishuku. Adabu ya kipekee kwa mwizi.

Hapa ndipo watu hupaniki na kufomati, yaani kufuta kila kitu. Usifomati! Kazi yako ipo, imefichwa tu. Ukiwaambia waweke Windows ioneshe faili zilizofichwa, wanarudi wakisema bado hazionekani, na wako sawa, kwa sababu folda zimepewa alama mbili: ya kufichwa na ya mfumo. Ndiyo maana hata kile kisanduku cha Hidden huwa kimefifia, hakibofyeki. Fungua dirisha la amri, na kama MP3 ni draivu E, andika:

attrib -h -s -r /s /d E:\*.*

Kisha ufute .lnk na .vbs. Lakini tafadhali, kama una iPod ya zamani, ile MP3 ya Apple, ambayo shemeji alikutumia kutoka Marekani, amri hiyo itafichua pia folda iitwayo iPod_Control. Hiyo si virusi. Ndani yake utakuta F00, F01 na kuendelea, na nyimbo zenye majina ya herufi nne yasiyo na maana. Hivyo ndivyo iPod hupanga nyimbo, majina halisi yako kwenye hifadhidata yake. Mama mmoja aliifuta folda hiyo kwa bidii, akaniletea kifaa kikiwa kitupu kama sufuria ya omena baada ya wageni.

Mengine kwa haraka. Video ya zaidi ya GB 4 ikikataa kuingia na nafasi ipo, si virusi, ni mpaka wa FAT32, mpangilio wa memori usiopokea faili kubwa kuliko hiyo. Ukiifomati MP3 ya bei rahisi kwa NTFS, mpangilio mwingine wa Windows, huenda isiione memori yake yenyewe. Na kile kitufe cha HOLD kinafunga vitufe visibonyezeke mfukoni, hakifungi faili. Nimeulizwa.

Kuna ushauri wangu wa zamani ambao inabidi niurekebishe. Kwa miaka kadhaa niliwaambia wateja: MP3 ikiwa na chaguo la MTP, njia nyingine ya kuiunganisha na kompyuta, tumia hilo, uko salama. Kwa MTP kifaa hakipewi herufi ya draivu. Kompyuta haiishiki diski yenyewe, inaomba faili moja moja. Virusi vinavyopita vikitafuta E na F havioni mlango. Hilo bado ni kweli. Nilichowanyima ni nusu ya pili: hati ya Word yenye makro mbaya (amri zilizofichwa ndani ya hati) hupita kwenye MTP kama abiria aliyelipa nauli, maana umeikopi wewe mwenyewe. Siku hizi kwa wenye MP3 ya kadi nasema: toa kadi, itie kwenye adapta yenye kile kilimi cha kufunga kadi isiandikwe, ndipo uipeleke saiba. Hata hapo siapi, kwa sababu kilimi ni ombi tu. Anayeliheshimu au kulipuuza ni msomaji wa kadi.

Na nikiri moja zaidi. Faili ikifika imeharibika, mteja akiniuliza kama alichomoa waya mapema au ni chipu ya memori inayokufa, huwa najibu "ulichomoa mapema" kwa sauti ya daktari. Mara nyingi nakisia.

Ya mwalimu niliisafisha kwa dakika sita, ratiba ikatoka. Nikamweleza kwamba mahali pa kutafuta ni laptopu ya katibu, alikoandikia ratiba, kwa sababu .vbs ikishakaa humo itaichafua MP3 kila inapochomekwa, hata nikiisafisha kila Jumatatu. Akafikiri kidogo, akauliza kama alete pia sabufa ya kanisa, maana MP3 hiyohiyo huchomekwa humo kila Jumapili.

Nikamwambia sabufa aiache kanisani. Alete laptopu ya katibu.